Mlezi Hasemi

Vazi lilikuwa moja, na waliowahi kulivaa walikuwa wengi. Hilo lishike tangu sasa, maana huko mbele mambo yatachanganyika, na sitaki mtu aje aniambie sikumwonya.

Lilikuwa gunia la kijivu lililoshonwa likafika kwenye vifundo vya miguu. Lilikuwa na kofia ya kufunika kichwa chote, na mbele ya uso kipande cha chandarua, ili aliye ndani aone naye asionekane. Mkono wa kushoto ulikuwa mkono tu. Wa kulia ulishonwa kichwa cha korongo: shingo nyeusi, mashavu meupe, kishungi cha nyuzi za katani utosini, na mdomo wa mti uliofunguka na kufunga kwa vidole vya aliyeko ndani. Kwa mdomo huo walilishwa makinda yatima. Watu wenye haraka ya malisho waliyachoma matete ya kinamasi, mama korongo wakaruka kuokoa roho zao, na mayai yakabaki katika majivu. Mayai hayo yaliokotwa, yakaanguliwa ndani ya vikapu vya pamba. Hakuna aliyewatuma watu wa mji kufanya hivyo, wala aliyewaahidi kitu.

Sheria ilikuwa moja: mlezi hasemi. Ukishaingia ndani ya ua wa matete husemi, hucheki, hukohoi, na chafya ikija unabana pua mpaka machozi yakutoke. Kinda lazima akue akijua kuwa aliyemlea ni korongo mwenziwe. Korongo akimpenda binadamu mmoja atawaamini wote, na wote ni wengi, na miongoni mwao wamo wenye mikasi ya kukatia mabawa.

Mji wenyewe haukuwa na jina. Ulikuwa nalo zamani, wakaja watu wa mji mwingine wakaliazima kwa shughuli zao, hawakulirudisha, na wenyeji wakaona haya kulidai. Siku nazo zilikwenda zitakavyo. Jumanne ilikuja, ikapita, halafu ikarudi kama mgeni aliyesahau viatu. Kwa hiyo watu walipima wakati kwa vigingi vitatu vilivyokitwa ndani ya kinamasi. Maji yakishuka kigingi cha kwanza kikabaki pakavu, hukatwa matete. Cha pili kikikauka, hurekebishwa ua. Cha tatu kikikauka, kundi la korongo huruka likaenda zake, hakuna ajuaye wapi, na halimngoji mtu.

Hapo mwanzo waliojitolea walikuwa arobaini. Wakala kiapo, wakapika pilau, wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Nguvu ya soda! Mmoja akaenda harusini asirudi. Mwingine akaenda msibani asirudi. Mwingine alisema anakwenda kuchukua panga, na mpaka leo analitafuta. Makinda sita walishalelewa wakaachiwa, na alipobaki wa saba, aliyechelewa kuanguliwa, walezi walikuwa watatu tu.

Wa kwanza alikuwa Bi Kidawa, ndiye aliyeianzisha kazi. Alikuwa mkunga kabla magoti yake hayajakataa kukunjika, na kwa kuwa alishaona watu wakiingia duniani uchi na wakilia, hakuna mkubwa aliyemtisha. Hakumwita mtu kwa jina. Wote kwake walikuwa "mlezi", na aliyemuudhi alikuwa "wewe". Wa pili alikuwa Makame, mtu wa porojo, ambaye kunyamaza kulimtesa kuliko njaa. Wa tatu ndiye mwenye kisa hiki, Mwatumu, msuka mikeka, mwanamke wa makamo aliyekuja kujitolea kwa wiki moja. Wiki hiyo ilikuwa bado haijaisha.

Asubuhi moja Makame alitoka ndani ya ua, akalivua vazi, akalitundika.

"Bi Kidawa, mimi basi," alisema. "Humo ndani nimekuwa ndege asiyeruka na mtu asiyesema. Sasa mimi nini?"

"Wewe mlezi."

"Mlezi ni hilo gunia. Mimi ni utumbo wake tu."

"Basi nenda salama, utumbo," Bi Kidawa alimjibu. "Ukifika huko uendako usisahau kusema, maana ndicho unachokikimbilia."

Makame alicheka sana, akampa Mwatumu mkono. "Dada, kazi kwako," alimwambia. Njiani alikuwa akizungumza peke yake kwa sauti kubwa, na walimsikia mpaka alipopotea.

Mwatumu alilivaa vazi likiwa bado na joto na harufu ya tumbaku ya Makame. Akaingia ndani ya ua. Kinda akaja mbio, mguu huku mguu kule, akauzungushia shingo yake mkono wa kulia, akadokoa panzi mdomoni, akalala juu ya miguu iliyosimama hapo. Makame alimlea tangu ganda lilipopasuka. Hakulala siku kinda alipoumwa tumbo. Alikuwa akimchambulia konokono mmoja mmoja. Leo ameondoka, na yule kinda hakukosa kitu. Hakuangalia hata mlangoni. Mwatumu alisimama pale, akamwonea Makame huruma, na baada ya Makame akajionea yeye mwenyewe.

Tusimcheke. Mwatumu alikuwa mtu ambaye mtaani kwake huitwa "yule wa nyumba ya kona". Mumewe alipokuwa naye alimwita "we". Wanunuzi wa mikeka walimwita "mama mikeka". Aliyekuwa akiliita jina lake lote, polepole, akilivuta mwisho kana kwamba hataki liishe, alikuwa mama yake, na mama yake alikuwa chini ya mchanga. Mtu aweza kuishi bila jina lake kuitwa, ndiyo, kama awezavyo kuishi bila chumvi.

Na je, alindaye ni nani? Swali hilo lilimwandama humo ndani, akilisha, akizoa kinyesi, akitembea kwa kuinua magoti ili kinda aige mwendo. Kulinda kitu ni kukipa nguvu zako bila kukipa sura yako? Mama naye hulinda, lakini mama hujulikana, hudaiwa, hulaumiwa, na siku ya siku huliliwa. Mlinzi wa mfalme naye hujulikana, angalau na mfalme. Mlezi wa korongo peke yake ndiye ambaye akijulikana kazi yake imeharibika. Aliligeuza jambo hilo huku na huku na hakuona pa kulishika. Kinda alikula, akalala, akaamka, akala tena.

Humo ndani ya vazi siku zilizidi kukosa adabu. Aliingia asubuhi akatoka juzi. Aliingia na miaka yake arobaini na kitu, akalivua mchana, akaikuta mikono yake imejaa makunyanzi ya bibi kizee, na kesho yake makunyanzi hayapo. Na mawazo yalimjia vipande vipande, mengine hata si yake.

Jino linaniuma. Mimi sina jino bovu. Ni jino la Makame.

Kuna mtoto ananiita mama, analia kwa kuwa nimechelewa. Sijazaa. Ni mtoto wa yule aliyelivaa vazi kabla ya Makame, yule aliyekwenda msibani. Sikumbuki jina lake. Nani analikumbuka?

Wote wamo humu. Jasho lao limo kwenye gunia, kila mtu kaacha kitu. Na mimi nimeacha nini? Atakayelivaa baada yangu ataumwa wapi, aseme hapa ni Mwatumu?

Labda haumwi popote.

Labda nilishaondoka, na hili linalotembea ni gunia.

Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama na upepo umekufa. Kinda alikuwa amelala kifuani pake, moyo wake mdogo unadunda upesi upesi. Mwatumu aliinamisha kofia mpaka chandarua kikagusa manyoya, akasema kwa sauti ndogo sana.

"Mwatumu."

Basi. Neno moja. Alingoja mbingu zianguke, hazikuanguka. Kinda alifumbua jicho, na kwa mara ya kwanza hakuuangalia mdomo wa mti. Aliangalia juu, kwenye chandarua, pale penye uso. Mwatumu alisikia furaha ya kumtetemesha mwili mzima, furaha ambayo hakuipata hata siku ya harusi yake.

"Mimi Mwatumu," alisema tena.

Na mtu akishaonja asali, nani atamzuia asichonge mzinga? Kila siku alilisema, kwa ile sauti ya mama yake, akilivuta mwisho. Kinda akalijua. Akiwa upande wa mbali wa ua, jina likitajwa, alikuja mbio mabawa wazi, akaruka juu, akainamisha kichwa, akazunguka, ule mchezo ambao korongo humchezea anayempenda. Mwatumu alicheka bila sauti ndani ya gunia lake. Upweke ulimtoka, akalala usingizi mzuri, akanenepa kidogo. Alijua anavunja sheria. Alijiambia kuwa sauti moja tu si sauti zote.

Kigingi cha pili kilikauka zamani, na cha tatu kilibakiwa na maji ya vidole vinne, siku alipopita mkata ukindu mmoja na mzigo begani. Alipoona ua akapaza sauti: "Hodi wenyewe! Maji ya kunywa yapo?"

Mwatumu na Bi Kidawa walikuwa nje, kivulini mwa matete, wakitenganisha mtama na changarawe. Waliona kwa macho yao. Kinda, ambaye sasa alikuwa mrefu wa kumfika mtu kiunoni, alikimbilia ile sauti, akapenyeza shingo kwenye ua, akamwinamishia kichwa mtu asiyemjua. Mkata ukindu alifurahi, akamkuna kisogo.

"Lo! Huyu mpole," alisema. "Hata kamba hataki."

Bi Kidawa alimpa maji na kumsindikiza kwa maneno mafupi. Kisha akarudi, akasimama mbele ya Mwatumu.

"Nani kasema na kinda?"

Mwatumu aliendelea kuokota changarawe.

"Mlezi, nakuuliza."

"Mimi."

"Ulimwambia nini?"

"Jina langu."

"Jina lako!" Bi Kidawa alijipiga paja. "Watu arobaini wamemeza ndimi zao, mmoja kapiga chafya kwa ndani mpaka pua ikamtoka damu, wewe ukampe jina lako? La nini? Atakuandikia barua?"

"Nilitaka awepo mmoja anijue, Bi Kidawa." Machozi yalikuwa yakimshuka, hakuyafuta. "Makame aliondoka, na huyu hata hakugeuka. Niliogopa na mimi nitaondoka hivyo hivyo."

Bi Kidawa alikaa chini kwa taabu, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili. Alipoanza kusema ukali ulikuwa umemtoka.

"Yule wetu wa nne unamkumbuka? Mlezi wake alikuwa na tabia ya kuimba puani. Hata yeye hakujua kama anaimba. Tulimwachia na kundi, na siku ya tatu watu wa ng'ambo ya kinamasi wakamwita kwa wimbo, akaenda mwenyewe. Nimemwona. Wamemkata mabawa, wamemweka uani. Shughuli ikiwapo watu humpigia makofi, akacheza. Korongo hucheza na mwenziwe. Yule anacheza na ukuta."

"Mimi nitakaa naye huyu," alisema Mwatumu. "Nitamlinda mimi, humu humu."

"Umlinde mpaka lini? Ukilala? Ukifa? Basi hapo utakuwa na tofauti gani na wa ng'ambo? Wao wana mkasi, wewe una jina."

Neno hilo lilimchoma Mwatumu pabaya, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliangalia kigingi cha tatu. Aliangalia kundi upande wa pili wa maji, korongo mia na ushei, wamesimama mguu mmoja mmoja.

"Tufanye nini?"

"Aogope sauti. Atupiwe mabonge, apigwe, mpaka sauti ya mtu ikisikika akimbie bila kuuliza. Ningempiga mimi, wallahi ningempiga nikupunguzie. Lakini akipigwa na mimi atanichukia mimi peke yangu, na moyoni atabaki na ile sauti yako tamu. Na akiwa nayo hiyo, kila mtu atakayemsemesha kwa utamu atamfuata." Bi Kidawa alimshika mkono. "Ni wewe. Uso wazi, bila vazi. Na kwa jina hilo hilo, kama unavyoliita siku zote."

Watu husema akufukuzaye hakwambii toka. Huo ni ufukuzaji wa watu, wenye haya, wa kununa na kukupunguzia mchuzi. Ndege hajui kununiwa. Ndege lazima aambiwe.

Siku ya kwanza Mwatumu aliokota mabonge ya udongo mkavu, akayajaza kwenye kanga, akaingia ndani ya ua na uso wake. Kinda alisita. Uso huo hakuwahi kuuona wote.

"Mwatumuu," aliita.

Akaja! Mbio, mabawa wazi, akaruka, akainama. Mwatumu alirusha bonge, likaanguka mbali kwa makusudi. Kinda aliliendea, akaliokota, akalirusha juu, akalidaka. Alidhani ni mchezo mpya. Mwatumu akarusha la pili, likapita juu, naye akalirukia kwa furaha. Hivyo ndivyo siku ya kwanza ilivyokwisha, na Bi Kidawa kule nje aliona kila kitu.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema. "Vidole viwili vimebaki. Endelea kucheza."

Siku ya pili, au huenda ilikuwa ile ile ya kwanza imerudi, Mwatumu aliita akarusha kweli. Bonge lilimpata kinda ubavuni, likapasuka, vumbi likatoka. Kinda akasimama. Aliangalia nyuma yake, kutafuta nani kamfanyia hivyo. Hakuona mtu, kwa hiyo akafanya afanyavyo mtoto yeyote aliyeumizwa: akamkimbilia mlezi wake. Alimkimbilia Mwatumu, akaingiza kichwa chini ya kwapa lake, akajificha.

Mwatumu alilia kwa sauti. Alikaa chini amemkumbatia, akasema, siwezi, siwezi, Mola wangu, nichukue mimi. Maji yalipungua kidole kimoja.

Huu ndio uwezo? Nilidhani mwenye nguvu ni wa ng'ambo, mwenye mkasi. Nami nilikuwa mnyonge, msuka mikeka. Kumbe mkononi mwangu muna kitu kikubwa kuliko mkasi. Napendwa. Hakuna mwenye nguvu kuliko apendwaye, maana humpiga mtu na mtu akaja kujificha kwake.

Nikimwacha hivi atakuwa wangu.

Atakuwa wangu na ukuta.

Siku ya tatu alipoingia alikuta vazi limo ndani. Lilisimama katikati ya ua, kofia imefunikwa, mkono wa kulia umeinuliwa, mdomo wa mti unafunguka na kufunga. Lilitembea kwa kuinua magoti, kama yeye. Liliinamisha shingo upande, kama yeye. Kwa muda hakujua kama yeye ni huyu mwenye mabonge au ni yule, kama leo ni leo au ameingia katika siku ya mwezi uliopita akajikuta anamlisha kinda wake kwa amani. Alitaka kumwambia yule: usiseme, nakuomba, hata ukizidiwa, usiseme. Ndipo alipoona goti moja halikunji sawasawa. Alikuwa Bi Kidawa, aliyekuja kusimama pale ili kinda apate pa kukimbilia.

"Mwatumuu," aliita.

Kinda akageuka, akaja. Bonge likampata shingoni. "Mwatumuu!" La pili likampata mguuni. "Mwatumuu!" Kila jina na bonge lake, na aliliita kwa utamu ule ule, akilivuta mwisho, kwa sababu akilifanya kali kinda angejifunza kuogopa ukali tu. Mkono ulikuwa ukirusha, na macho hayakuona vizuri kwa machozi, na hata hivyo hakukosea hata mara moja. Kinda alipiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga. Akarudi nyuma. Akaliona vazi, akalikimbilia, akajificha nyuma yake, akachungulia. Ule mdomo wa mti ukashuka taratibu, ukamchana manyoya ya shingo pale palipoumia. Mwatumu aliona wivu. Alilionea wivu gunia alilolivaa mwenyewe, na mkono alioutumia mwenyewe, na akaona aibu kwa wivu huo, lakini ulibaki.

"Mwatumuu," aliita tena.

Hakuja.

Wakafungua ua upande wa maji. Vazi likatangulia, likichechemea, na kinda akalifuata mpaka kwenye tope, mpaka karibu na kundi, na huko vazi likakaa chini katikati ya matete, likatulia, likawa kama kichuguu. Kinda alizunguka zunguka. Korongo mmoja mzima alimsogelea, akamdonoa kidogo, akamwacha. Wa pili hakumdonoa. Kufikia jua la mchana hata Mwatumu, aliyekuwa upande huu wa maji, ilimbidi atafute kwa makini ili ajue yupi ni wake.

Kigingi cha tatu kilikuwa kikavu mpaka chini.

Lakini kabla kundi halijaruka kulikuwa na jambo moja bado, na hakuna aliyemwambia, alilijua mwenyewe. Bonge linaogopesha bonge likiwapo. Huko aendako ataitwa na watu wasioshika kitu mkononi, watu wa kumwaga mtama na kutabasamu. Alipiga hatua mpaka kwenye ukingo, akakung'uta kanga yake mpaka udongo wote ukaanguka, akanyoosha mikono mitupu. Akaliita jina lake kama lilivyoitwa na mama yake alipokuwa mtoto mgonjwa wa homa, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo na yale ambayo hakuwahi kupewa nafasi ya kuyatumia.

"Mwatumuu."

Katikati ya kundi kichwa kimoja kiliinuka. Kikageuka. Kwa muda wa pumzi moja alimtazama, na katika pumzi hiyo Mwatumu aliomba mambo mawili yanayopingana, na yote mawili aliyaomba kwa dhati. Kisha korongo wake alipiga ukelele wa hatari, akafungua mabawa, akaruka. Kundi halikuuliza sababu. Liliinuka lote, mia na ushei, likatia giza juu ya maji, likazunguka mara moja na kushika njia, naye akiwa mbele kabisa, akipiga mabawa kwa nguvu, akikimbia jina.

Hakuna aliyegeuka nyuma.

Mwatumu alifurahi. Lazima lisemwe hilo, alifurahi mno, alipiga hata kigelegele kimoja kisichokuwa na wa kukiitikia. Halafu akakaa chini kwenye tope, akasikia jinsi kinamasi kilivyokuwa kimya. Kazi ilikuwa imekwisha. Ile wiki moja aliyojitolea labda nayo ilikuwa imekwisha. Alikaa hapo siku nzima, au siku mbili, au ile Jumanne ambayo haijui kwenda, na huko angani kulibaki kutupu.

Bi Kidawa alitoka kwenye matete, akalivua vazi, akaliacha hapo chini. Alikwenda akachemsha muhogo, akautia nazi, akaupakua kwenye sahani. Alikuja nayo polepole kwa magoti yake yale, mpaka akasimama nyuma ya Mwatumu. Alitafuta la kumwambia. Mwanamke huyu, ambaye maisha yake yote hakumwita mtu mzima kwa jina, alifikiri kwamba sasa yupo anayestahili, na akaliita kwa upole, vizuri, lote.

"Mwatumu."

Mwatumu alijikunja. Mikono yote miwili iliruka ikafunika kichwa, mabega yakapanda mpaka masikioni, na akabaki hivyo hivyo, anatetemeka, macho kayafumba, akingoja limpate.

Bi Kidawa alifungua mdomo, akaufunga. Aliiweka sahani chini, akarudi nyuma hatua tatu bila kusema neno, akangoja.